Nani atazisoma hati za Ndia Kuu?

Majuzi nikipita Ndia Kuu, Mji wa Kale, Mombasa, kijana mmoja anayesomea uzamili alinisimamisha. Simuni mwake mlikuwa na picha ya karatasi kuukuu: utenzi ulioachwa na nyanyake, umeandikwa kwa herufi za Kiarabu.

"Ustadhi, Kiswahili chake nakijua, kuusoma ndo kazi," aliniambia. "Na nikikaa mwaka mzima nausoma, kodi atanilipia nani?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali la kodi lina historia, na mahali pazuri pa kuitazama historia hiyo ni katika taaluma ambayo wengi wetu hatuifikirii: utafiti kuhusu Wayahudi, lugha zao na maandishi yao.

Mnamo 1896 Solomon Schechter, msomi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alifunga safari hadi Kairo, kwenye sinagogi la Ben Ezra. Wayahudi wana ada ya kutotupa ovyo karatasi iliyoandikwa jina la Mungu. Hapo Ben Ezra karatasi hizo, na nyingine zisizo za dini kabisa, zilirundikwa katika ghala kwa karne nyingi. Schechter alirudi Uingereza na vipande vipatavyo 193,000: barua za wafanyabiashara, hati za ndoa, mashairi, hesabu za deni.

Vingi vya vipande hivyo ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Msomaji wa Mombasa asishangae. Si sisi tuliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kirumi kutawala? Tena barua kadhaa zahusu biashara kati ya Adeni na pwani ya India, jahazi zikisukumwa na pepo zile zile za msimu tunazoziita kaskazi na kusi.

Lakini kuwa na hazina ni jambo moja, kupata wa kuisoma ni jambo jingine. Wayahudi walilitambua hilo mapema. Mwaka 1819 Leopold Zunz na vijana wenzake waliunda chama mjini Berlin ili kuuchunguza utamaduni wao kwa mbinu za chuo kikuu. Miaka 100 baadaye, 1919, kukaanzishwa katika mji huo huo akademia ya kuwalipa watafiti wafanye utafiti. Ndiyo iliyomfadhili Fritz Baer kuchambua nyaraka za Wayahudi katika hifadhi za Uhispania. Leo Strauss, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri Marekani, aliajiriwa humo 1925 akiwa bado kijana. Hakuwa profesa, alikuwa chipukizi aliyepewa muda na riziki.

Wanazi wakaja. Akademia ikafa, na maelfu ya walimu na wanafunzi wakauawa. Vita vilipokwisha, pengo halikuwa la vitabu tu, bali la watu wa kuvisoma. Mwaka 1965 Nahum Goldmann aliongoza kuundwa kwa wakfu wa kumbukumbu ya utamaduni wa Kiyahudi, kwa pesa za fidia kutoka Ujerumani. Sehemu ya pesa hizo ilikwenda kwa wanafunzi wa uzamifu na watafiti wachanga. Ebu tafakari: watu waliopoteza karibu kila kitu waliona kumlipa kijana akae na maandishi ni sehemu ya kujijenga upya.

Matunda yake hayakubaki kwa Wayahudi. Mwaka 1978 Amitav Ghosh, Mhindi aliyekuwa akisoma Oxford kwa ufadhili, alikuta maktabani kitabu cha S. D. Goitein chenye tafsiri za barua za ghala lile la Kairo. Baada ya kuishi katika kijiji cha Misri na kujifunza lahaja ya wenyeji, Ghosh alirudi kwenye barua zenyewe. Aligundua kwamba ile lahaja ya kijijini, ambayo wasomi wangeweza kuidharau, ilimsaidia kuelewa Kiarabu cha wafanyabiashara wa karne ya 12. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka 1992.

Hapo ndipo ninapotaka tutie kituo, kwa sababu lahaja ndiyo mali ya kijana wangu wa Ndia Kuu. Jina la mtaa wenyewe ni ushahidi: Kimvita husema "ndia" panapo Kiswahili sanifu kusema "njia". Katika tahajia za kale, herufi moja ilibeba sauti za b na p, i na e ziliandikwa kwa alama moja, nayo m ya "mb" aghalabu iliachwa. Kwa hiyo "pembe" na "bibi" zaweza kuandikwa sawasawa. Atakayejua lipi ndilo ni yule mwenye lugha masikioni, si mwenye kamusi peke yake.

Tunajua hili tangu zamani. Mashairi ya Muyaka bin Haji (1776–1840) yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwenyeji wa Mombasa aliyefariki 1890, aliyakusanya na kuyafafanua akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor. William Hichens aliyachapisha 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akayachambua katika kitabu cha 1979. Hati zenyewe ziko London. Mtafiti wa Mombasa anayetaka kuzishika kwa mkono hana budi kupanda ndege kuyafuata maneno ya mjini kwao.

Nasi tuna taasisi. Ngome ya Yesu ipo, na kituo cha utafiti wa Uswahili chini ya Makavazi ya Kitaifa kipo. Vyuo vikuu pwani vipo. Kinachokosekana ni mpango wa kudumu wa kuwafadhili vijana: miaka miwili, posho ya kutosha kodi na chakula, hati moja, na mzee mmoja wa Kimvita wa kuketi naye. Mwisho wa muda huo kijana akabidhi maandishi yaliyosomwa, yaliyofafanuliwa na kuchapishwa. Kaunti, vyuo na matajiri wetu wanaojenga majumba ya ghorofa hawashindwi kuwafadhili hata vijana watano.

Karatasi za Kairo ziliponea hewa kavu ya Misri. Sisi tuna unyevu, chumvi na mchwa. Wahenga walisema akiba haiozi, ila hawakuwa wakizungumzia karatasi kisiwani Mombasa. Na hata karatasi ikidumu, mzee anayejua kuisoma hadumu.