Virusi na Seli Nyeupe za Damu: Hoja kwa Elimu ya Afya Songea

Seli nyeupe za damu hutajwa mara nyingi kama kundi moja lenye kazi moja ya kuulinda mwili, ilhali zimo limfosaiti T, limfosaiti B, monosaiti na nyinginezo, kila moja na kazi yake. Makala haya yanadai kwamba sura ya ugonjwa hutegemea sana aina ya seli inayovamiwa, na kwamba elimu ya afya mjini Songea na vijijini mwake, ambako VVU, surua na malaria huhudumiwa katika vituo vilevile, haina budi kuieleza tofauti hiyo.

Kirusi hakizaliani nje ya seli hai. Hujishikiza kwanza kwenye kipokezi, yaani protini iliyo juu ya utando wa seli, ndipo kiingie ndani. VVU hushika kipokezi cha CD4 pamoja na kisaidizi chake, CCR5 au CXCR4, na kwa sababu hiyo hushambulia hasa seli T saidizi, ambazo huratibu kinga yote, na pia makrofaji, ambazo humeza vimelea katika tishu. Baada ya kuingia, kimeng'enya cha kirusi hunakili RNA yake kuwa DNA, ambayo hupachikwa katika vinasaba vya seli. Seli T iliyo kazini huzalisha virusi vingi na kufa upesi, lakini seli T ya kumbukumbu iliyopumzika huweza kukaa na DNA hiyo kwa miaka mingi bila kuzalisha chochote.

Hapo ndipo ilipo sababu ya dawa za kufubaza makali ya VVU kumezwa maisha yote: huzuia virusi kuzaliana, lakini haziifikii DNA iliyojificha. Mteja wa kliniki ya tiba na matunzo anayeambiwa kwamba virusi havionekani katika damu yake hajapona, na akiacha dawa, kwa kawaida virusi hurudi ndani ya wiki chache. Kipimo cha CD4 huonyesha kinga ilivyopungua, na kipimo cha wingi wa virusi huonyesha kama dawa inafanya kazi. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kirusi cha surua hushika kipokezi cha CD150 na kuua limfosaiti T na B za kumbukumbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto ambao hawakuchanjwa walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili zao baada ya kuugua, hivyo chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18 hulinda pia kinga iliyokwisha kupatikana dhidi ya maradhi mengine. Kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 katika sampuli ya uvimbe kutoka Uganda, hukaa katika limfosaiti B. Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli hizo zigawanyike na kudhoofisha seli T zinazozidhibiti, na hivyo huongeza hatari ya saratani ya Burkitt, ambayo mara nyingi huvimbisha taya la mtoto.

Huenda ikadaiwa kwamba maelezo haya ni mazito kwa mwananchi wa kawaida. Hata hivyo, mtu anayetakiwa kumeza kidonge kila siku akiwa hana dalili yoyote anastahili kujua kidonge hicho kinazuia nini na kinashindwa kufika wapi, kwa kuwa anayeijua sababu ana msingi imara zaidi wa kudumu na tiba kuliko anayepewa amri tupu.