Maana ya neno "tempestuous" na mahali linapoweza kukuponza

Ukisoma habari za mastaa kwa Kiingereza hukai sana kabla ya kukutana na neno "tempestuous". Ndoa ya fulani ilikuwa tempestuous. Kocha na mchezaji wake waliishi hivyo hivyo. Wengi hulipita tu wakidhani ni ndugu yake "tempting", yaani kitu cha kutamanisha. Sio. Maana zake ziko mbali kabisa.

Tempestuous ni kivumishi kinachotokana na "tempest", dhoruba kali, hasa ile ya baharini. Hutamkwa tem-PES-chu-as, na mkazo unakaa kwenye PES. Kitu kikiitwa hivyo, kina vurugu na nguvu kama bahari iliyochafuka: leo mawimbi, kesho shwari, keshokutwa mawimbi tena.

Neno lenyewe lina asili ya Kilatini, "tempestas", ambalo mwanzoni lilimaanisha wakati au majira tu. Baadaye likawa hali ya hewa, kisha hali mbaya ya hewa. Waswahili wa Kongo wanaojua Kifaransa wataelewa haraka, kwani kwao "temps" ni wakati na pia ni hali ya hewa.

Wengine wamelijua kupitia Shakespeare. Tamthilia yake The Tempest, iliyoigizwa London mwaka 1611, inaanza na meli iliyonaswa kwenye dhoruba. S. S. Mushi alipoileta kwa Kiswahili mwaka 1969 aliipa jina Tufani, na ni vigumu kupata neno zuri kuliko hilo.

Kumbe siku hizi watabiri wa hali ya hewa hawalitumii neno hili. Kipimo cha upepo cha Beaufort, kinachoanzia 0 hadi 12, kina "storm" kwenye namba 10, upepo wa kama kilomita 89 hadi 102 kwa saa, na "hurricane" kwenye 12. Tempest haimo. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024, Kiingereza chake kilikuwa "cyclone". Kwa hiyo ukimwandikia bosi kwamba umechelewa kazini kwa sababu ya "tempestuous weather", hujakosea sarufi, ila atacheka. Limebaki neno la vitabuni. Andika "heavy rain" yaishe.

Kuna pia msemo wa tempest ndani ya birika la chai, wanaoutumia Wamarekani. Waingereza wao husema "storm" ndani ya kikombe. Yote mawili ni kelele nyingi kwa jambo dogo.

Mahali ambapo tempestuous bado lina kazi kila siku ni kwa watu. Mfano unaojulikana sana ni waigizaji Elizabeth Taylor na Richard Burton: walioana 1964, wakaachana 1974, wakarudiana na kufunga ndoa tena 1975, na mwaka uliofuata wakaachana tena. Kwa Kiswahili hiyo ni ndoa yenye misukosuko. Mjadala wa namna hiyo tungeuita mkali, na mkutano tungesema umejaa zogo.

Sasa hapa ndipo pa kuwa makini. Dhoruba haina mwenyewe. Ukisema uhusiano ulikuwa tempestuous, umegawa lawama kwa wawili sawasawa, na hakuna aliyemfanyia mwenzake chochote. Upepo tu ulivuma. Kwa Taylor na Burton pengine inatosha. Lakini neno hilo hilo huonekana kwenye habari ambazo, ukishuka aya mbili chini, unakuta mmoja alikuwa akimpiga mwenzake miaka yote.

Chukua mwanamke anayeishi ugenini na anatakiwa kuandika maelezo kwa Kiingereza kuhusu mume aliyekuwa akimpiga. Anaona aibu kulitaja jambo lenyewe. Anatafuta neno la heshima kwenye simu, anapata tempestuous, anaandika kwamba ndoa yao ilikuwa hivyo. Anayesoma faili ataelewa jambo moja tu: hawa wawili walikuwa wakigombana. Kipigo hakionekani popote.

Maneno yanayotakiwa pale ni mepesi na mtoto wa darasa la nne anayajua: "he beat me", kisha tarehe, mahali, na nani alikuwepo. Kama alitishia, "he threatened me". Kama alifunga mlango asitoke, "he locked me in".

Na Kiswahili nacho hakijasalimika. "Walikuwa na misukosuko ya ndoa" huandikwa magazetini hata pale ambapo mmoja yuko wodini na mwingine yuko mahabusu.