Shahada ya biashara huku kazi inaendelea: hesabu ya saa kabla ya ada

Mfanyakazi anayetaka kusoma shahada ya biashara bila kuacha kazi huanza kwa kuuliza ada ni shilingi ngapi. Ni sawa, ila kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye fomu: muda.

Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya kwanza ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Jumla ni saa 3,600, zikiwemo vipindi, kujisomea, kazi za kuandika na mitihani.

Hesabu ya wiki

Kwa miaka mitatu, hizo ni saa 1,200 kila mwaka. Mwaka ukiwa na wiki 40 za masomo, ni saa 30 kwa wiki. Zikisambazwa kwa miaka minne, zinashuka hadi 22 na nusu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Kazi na masomo ya miaka mitatu vinafika saa 75. Hapo foleni ya barabarani, watoto na usingizi bado.

Jioni au masafa?

Vipindi vya jioni vina mhadhiri na wenzake wa kujadiliana nao, lakini bosi akiita kikao saa kumi na moja, kipindi kimepita.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kinafundisha kwa masafa na kina vituo mikoani. Kinamfaa anayeweza kuhamishwa kikazi, ila nidhamu ya kusoma inabaki juu yake.

Mambo ya kumalizana kabla ya kulipa

- Programu imeidhinishwa na TCU?
- Mwajiri amekubali kwa maandishi ruhusa ya mitihani? Likizo ya mwaka, isiyopungua siku 28, inaweza kupangwa naye.
- Mwajiri akichangia ada, mkataba unadai abaki kazini miaka mingapi?
- Cheo anachokitaka kinadai shahada kweli? Kwenye uhasibu, nafasi nyingine zinadai CPA ya NBAA.

Kipimo rahisi: kwa mwezi mmoja atenge saa hizohizo kila wiki, asome kitabu cha uhasibu au takwimu. Zikipatikana, alipe ada. Zisipopatikana, miaka minne au zaidi ndiyo mpango wake.