Nguvu, Kasi na Umeme: Historia Fupi ya Prosesa za Kompyuta Mpakato Nyembamba

Neno nguvu, linapotumiwa kuieleza kompyuta, hubeba maana mbili zinazogongana. Kompyuta yenye nguvu ni ile ifanyayo kazi nyingi kwa muda mfupi. Prosesa ya nguvu ndogo ni ile itumiayo umeme kidogo. Afisa ununuzi anayekutana na "nguvu ndogo" katika hati ya zabuni huelewa kwamba kifaa ni dhaifu. Historia ya prosesa za kompyuta mpakato nyembamba inaonyesha kuwa mkanganyiko huu haukuzaliwa katika Kiswahili.

Kufikia mwaka 2000, prosesa ilinadiwa sokoni hasa kwa idadi ya mapigo ya saa yake kwa sekunde. Pentium 4, iliyotolewa na Intel mwaka huo, ilisanifiwa kuifukuzia namba hiyo, na gharama yake ilikuwa joto. Umeme unaotumiwa na sakiti zinapofanya kazi huongezeka sambamba na mapigo, lakini huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti: volti zikipunguzwa kwa nusu, matumizi hayo hushuka hadi robo. Mapigo yakipandishwa, aghalabu volti nazo hulazimika kupanda. Kompyuta ya mezani ina nafasi ya feni kubwa. Kompyuta yenye unene wa sentimita mbili haina pa kulipeleka joto hilo.

Kampuni ya Transmeta ya California ilijaribu njia nyingine. Prosesa yake, Crusoe, iliyozinduliwa Januari 2000, iliiachia programu kazi ya kutafsiri maagizo, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na sakiti, na ilishusha volti na mapigo kila shughuli zilipopungua. Sony iliitumia katika kompyuta zake ndogo. Utendaji wake haukuwaridhisha wengi, na kampuni hiyo haikudumu, ila swali ililoliuliza lilibaki.

Jibu lenye uzito lilitoka Haifa, Israeli, ambako wahandisi wa Intel walisanifu Pentium M, iliyotolewa Machi 2003. Ilifanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo na kuzizima sehemu zisizotumika. Kwa gigahezi 1.6 na takribani wati 25, ilikaribiana na Pentium 4 za kompyuta mpakato zilizovuka gigahezi 2. Tatizo likawa la lugha: namba yake ilikuwa ndogo. Intel iliiuza ndani ya jina Centrino, pamoja na mawasiliano yasiyotumia waya, ili mnunuzi aulize habari za betri. Mwaka 2004 ikaanza kuziita prosesa zake kwa namba za modeli badala ya gigahezi. Kampuni iliyomfundisha mnunuzi kuhesabu mapigo sasa ilibidi imfundishe kuyasahau. Mwaka huohuo iliufuta mradi wa mrithi wa Pentium 4, na mwaka 2006 familia ya Core ikajengwa juu ya ukoo wa Haifa.

Atom ya mwaka 2008 ilitatiza mambo upande wa pili. Atom N270 nayo ilikuwa na gigahezi 1.6, kwa wati 2.5 tu, lakini ilizidiwa kwa mbali na Pentium M iliyoitangulia kwa miaka mitano. Mapigo yaleyale, kazi tofauti.

Kwa hiyo kifungu cha zabuni kinachodai "gigahezi zisizopungua 2" kingeikataa Pentium M hiyo ya gigahezi 1.6. Kinachodai 1.5 kingeipokea Atom bila kuuliza neno. Kompyuta za XO zilizosambazwa katika shule za Rwanda kuanzia mwaka 2008, zenye prosesa ya AMD ya megahezi 433 tu, zisingepita popote, ingawa zilisanifiwa makusudi kwa mahali ambapo umeme ni haba.

Mwaka 2020 Apple ilitoa MacBook Air yenye prosesa ya M1, isiyo na feni, ambayo ilizishinda katika majaribio mengi kompyuta mpakato nene zaidi yake. Kwa istilahi iliyozoeleka, hiyo ni kompyuta ya nguvu ndogo yenye nguvu kubwa. "Matumizi ya umeme" kwa maana ya kwanza na "utendaji" kwa maana ya pili ni maneno ambayo Kiswahili tayari kinayo, na hati za serikali zinaweza kuyatumia bila kusubiri kamusi mpya.