Kujikata kwa breka katika umeme wa akiba

Kujikata kwa breka ni kitendo cha swichi ya usalama kukata umeme yenyewe mkondo unapozidi kiwango au shoti inapotokea. Katika jenereta, muda ambao breka inachukua kabla ya kukata ndio dalili ya kwanza ya chanzo cha hitilafu.

Makambako
Mji huu wa mkoa wa Njombe nchini Tanzania, ulio kwenye njia panda ya Mbeya na Songea, ni mfano wa mahali ambapo tatizo hili hutokea. Umeme wa shirika la umeme, TANESCO, ukikatika, maduka na saluni hutegemea jenereta. Kwa kuwa mji uko juu ya mita 1,500, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Injini ikizidiwa, kasi na volti hushuka, mota zinavuta mkondo zaidi, na breka inakata.

Utendaji
Ndani ya breka, kipande cha metali mbili hupinda kwa joto na kukata taratibu mzigo unapozidi. Koili ya sumaku hukata papo hapo mkondo unapofika mara 3 hadi 5 ya kiwango kwa breka ya aina B, na mara 5 hadi 10 kwa breka ya aina C.

Dalili na vyanzo
Breka ikikata mara tu inapowashwa, kuna shoti kwenye waya au kifaa. Ikikata wakati friji, pampu au mashine ya kusaga inapoanza, mkondo wa kuwashia mota ndio mkubwa. Mara nyingi hufika mara 5 hadi 8 ya ule wa kawaida.

Ikikata baada ya dakika kadhaa, mzigo umezidi. Jenereta ya kVA 5 hutoa takriban ampea 22 kwa volti 230. Birika na hita za wati 2,000 kila moja, pamoja na pasi ya wati 1,000, zinamaliza uwezo wake wote. Mzigo ukiwa mdogo na breka bado ni ya moto, skrubu ya waya imelegea. Plastiki iliyobadilika rangi na harufu ya kuungua huthibitisha hilo.

Uchunguzi
Zima na chomoa vifaa vyote. Shusha kitasa cha breka hadi chini kabisa, kisha kipandishe. Breka ikikaa bila kukata, rudisha kifaa kimoja kimoja, ukianza na chenye mota. Ikikata bila kifaa chochote, zima jenereta na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, apime waya.

Usalama
Kuweka breka kubwa zaidi ili isikate ni hatari: waya wa milimita za mraba 2.5 unaolindwa kwa ampea 20 utaungua ukutani kabla breka ya ampea 40 haijakata. Jenereta iunganishwe kwa swichi ya kubadilisha chanzo. Bila hiyo, umeme wake hurudi kwenye laini na unaweza kumuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo.