Nani Aliijenga Evinrude? Hoja kutoka Mialo ya Busia

Historia ya injini za kufunga nyuma ya mtumbwi husimuliwa kwa jina la Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norwei aliyeanza kuziuza mjini Milwaukee, Marekani, mwaka 1909. Hakuwa wa kwanza. Cameron Waterman wa Detroit alikwisha kumtangulia sokoni. Kwa nini basi Evinrude ndiye aliyevuma? Makala haya yanashikilia kwamba kampuni yake ilijengwa zaidi na wavuvi pamoja na kazi ya ofisini kuliko ubunifu wa karakanani.

Injini yake ya mwanzo ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu, na uzito wa ratili 62, karibu kilo 28. Mkewe, Bess, ndiye aliyesimamia ofisi na kuandika matangazo. Kisha Oluf Mikkelsen, Mdenmaki aliyesafirisha bidhaa ng'ambo kutoka New York, akawafikishia wavuvi wa Skandinavia injini hizo kwa maelfu. Bess alipougua, kampuni iliuzwa. Miaka ya 1920 ilipoanza, Ole na Bess walirudi na Elto, injini ya silinda mbili iliyotumia alumini kwa wingi, yenye nguvu maradufu na bado nyepesi kuliko ile ya kwanza.

Uzito ni jambo zito kwa mvuvi. Kule Majanji upande wa Uganda, au Sio Port na Port Victoria upande wa Kenya, injini hufunguliwa kazi ikiisha, ikabebwa begani hadi mahali salama, maana wezi ni wengi. Mtumbwi wenyewe umebadilika kwa ajili yake. Mtumbwi wa Ssese wa makasia na tanga umechongoka mbele na nyuma. Wa injini umekatwa tezi na kuwekewa ubao bapa, vibano vipate pa kushika. Wanaohesabu vyombo vya Ziwa Viktoria huviandika kama aina mbili.

Idara ya uvuvi ya Uganda ilianza kuhimiza injini hizi miaka ya 1950, sambamba na nyavu za nailoni. Yamaha ilitoa yake ya kwanza mwaka 1960, na leo ndiyo iliyotawala ziwa. Evinrude ilikoma kutengenezwa mwaka 2020. Wapo watakaosema Yamaha ilishinda kwa bei tu. Bei ina uzito, na petroli hula pato la mvuvi kila siku. Lakini injini isiyo na spea wala fundi wa karibu ni chuma tu, hata ikitolewa bure.

Mji wa Tororo, Uganda, hauna mwalo, ila uko kwenye njia ya reli na barabara zitokazo Mombasa kupitia Malaba. Spea zinaweza kuwekwa hapo. Serikali za pande zote mbili, kabla ya kugawa injini nyingine, zigharimie kwanza mafunzo ya mafundi wa mitumbwi katika vyuo vya ufundi vya Tororo na vya Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya.