Nani Mwenye Injini? Historia ya Kompyuta Mpakato Kuukuu Gereji

Tumezoea kuisoma historia ya teknolojia kama orodha ya wavumbuzi: nani alibuni nini na mwaka gani. Katika makala haya napendekeza tuisome kwa swali jingine: nani aliruhusiwa kufungua kifuniko na kutazama ndani? Mfano wangu ni kompyuta ya injini ya gari, na namna watu wa kawaida nchini Marekani walivyoifikia kwa kutumia kompyuta mpakato za bei ndogo.

Enzi za kabureta, fundi aliyetaka kubadili mchanganyiko wa hewa na petroli alihitaji bisibisi na sikio zuri. Mambo yalibadilika baada ya Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970, iliyowataka watengenezaji wa magari wa Marekani kupunguza baadhi ya gesi chafu kwa asilimia 90. Kabureta haikuweza kutii amri hiyo kwa usahihi uliotakiwa. Kufikia mwaka 1981 General Motors ilikuwa imeweka kompyuta katika takriban magari yake yote ya petroli ya abiria. Hewa ilinufaika, na hilo halina ubishi. Lakini pamoja na usafi huo ulikuja ukimya: maamuzi ya injini yakahamia ndani ya kisanduku ambacho fundi hakuweza kukisoma.

Waliothubutu kukifungua walilipa gharama kubwa ya muda. Ilibidi kukichomoa kipande cha kumbukumbu, kukifuta kwa mwanga wa urujuanimno, kukiandika upya, kukirudisha na kujaribu gari. Kosa moja, kazi yote ikaanza tena.

Mwaka 2001 Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walisanifu kompyuta mbadala ya injini waliyoiita MegaSquirt. Mnunuzi aliweza kupata ubao mtupu na vipande vya elektroniki, akavilehemu mwenyewe mezani kwake. Naliona hilo kuwa tendo la elimu kabla ya kuwa la biashara, kwa kuwa aliyeiunda kwa mkono wake alilazimika kujua kila sensa inasema nini na kila nozeli inaamriwa na nani. Programu ya kuirekebisha, MegaTune, iliyoandikwa na Eric Fahlgren, ilitolewa bure.

Hapa ndipo kompyuta mpakato kuukuu ilipopata heshima yake. Wengi hudhani kwamba kazi ya namna hii inadai mashine yenye nguvu. Sivyo. Hesabu za haraka, yaani nozeli ifunguke lini na kwa muda gani, hufanywa na kompyuta ya injini yenyewe. Mpakato ni dirisha na kalamu tu: huonyesha yanayotokea, hubadili tarakimu, kisha huchomolewa gari likaendelea na safari. Katika MegaSquirt ya mwanzo, moyo wa kazi ulikuwa jedwali la safu 8 kwa 8, visanduku 64, likipanga mafuta kulingana na mizunguko ya injini na shinikizo la hewa inayoingia. Mashine iliyokwisha kutupwa na ofisi fulani ilitosha kabisa. Tena zile za zamani zilikuwa na faida: tundu la mawasiliano la RS-232, ambalo kompyuta ya injini ililitumia, lilikuwa limejengwa ndani yake. Mpakato mpya zilipoliacha, watu walinunua waya wa kugeuza kutoka USB. Gharama muhimu zaidi ilikuwa sensa ya oksijeni ya kupima moshi kwa upana, kwa sababu bila kipimo, kubadili tarakimu ni kupiga ramli.

Hata hivyo, kuonekana si sawa na kuwa huru. Msimbo wa MegaSquirt uliweza kusomwa, lakini leseni yake iliufunga kwa vifaa vyake. Baadaye Josh Stewart wa Australia alianzisha Speeduino, iliyojengwa juu ya ubao wa bei nafuu wa Arduino, na msimbo wake ukatolewa chini ya leseni huria. Programu ya TunerStudio nayo ina toleo la bure, na hufanya kazi hata kwenye Linux.

Je, uhuru huu ni wa wapenda mbio tu? Mwaka 2015 unajibu. Mjadala ulikuwa iwapo mwenye gari au trekta anaruhusiwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998 kuvunja kufuli la programu ili alikague na kulitengeneza. Kampuni ya John Deere ilidai kwamba mnunuzi hupata tu ruhusa ya kuitumia programu hiyo. Mwezi Julai, mamlaka ya mazingira ya Marekani nayo ilipinga ruhusa hiyo, ikihofia kwamba wenye magari wangechezea mifumo ya kupunguza moshi. Mwezi Septemba mamlaka hiyohiyo ikatangaza kwamba Volkswagen ilikuwa imeficha ndani ya programu zake maagizo ya kudanganya vipimo. Kampuni ilikiri kuwa magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Mwezi Oktoba ruhusa ikatolewa.

Haki inanilazimu kusema upande wa pili. Hofu ya mamlaka haikuwa ya bure: ripoti yake ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa vidhibiti vya moshi katika muongo mmoja. Mwananchi naye anaweza kuwa mchafuzi. Lakini tuangalie udanganyifu wa Volkswagen ulivyogunduliwa: watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliweka vipimo kwenye bomba la moshi, wakaendesha gari barabarani. Kufuli halikuilinda hewa. Kipimo huru ndicho kilichoilinda.

Somo hili linatuhusu. Tanzania na Kenya huagiza kwa wingi magari yaliyotumika kutoka Japani, na kila moja huja na maamuzi yaliyoandikwa na wengine, kwa ajili ya barabara na mafuta ya kwingine. Kwa watumishi wa umma wanaoandaa zabuni, nashauri miongozo ya ufundi na programu za uchunguzi ziwe sharti la mkataba wa ununuzi wa magari. Kwa walimu wa vyuo vya ufundi, mpakato kuukuu na ubao wa bei nafuu vinatosha kuanzisha somo. Na kwa wanaharakati: tudai kufunguliwa kwa kisanduku na kupimwa kwa moshi kwa pauni moja. Anayedai kimoja na kukiacha kingine atakuwa amebadilisha tu mtu anayeshika ufunguo.